Saa Nilizoziruka

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka naona haya mpaka leo, na mvi zote hizi. Nilikuwa kijana, mjuaji kupindukia, naishi na mama Manzese. Mama alikuwa na saratani. Nesi alitupa chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, akaandika saa za kumnywesha, akasisitiza nisiruke hata moja.

Nikaruka. Mtaani kwetu nilishaona unga wa kulevya ulivyowafanya vijana, na nilisikia kwamba mofini na unga ni ndugu. Nikaapa mama yangu hatakuwa teja uzeeni. Chupa nikaificha juu ya kabati, nikawa nampa vidonge vya kichwa. Mama hakulalamika. Aliuma kanga yake tu, kageukia ukutani.

Aliyemsikia akigugumia usiku ni jirani yetu Shabani. Zamani alikuwa teja. Sasa kila asubuhi alikwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, mbele ya nesi, iwe mvua, iwe Idi. Nami nilikuwa namcheka, nikisema amebadilisha kilevi tu. Siku hiyo alipiga hodi, akampa mama shikamoo, akaona jasho linavyomtoka. Akanivuta nje.

"Braza, dawa ya bi mkubwa iko wapi?"

Nikamweleza hofu yangu, tena kwa kumsimanga. Hakukasirika.

"Mie unga niliutafuta nijisahau. Bi mkubwa anatafuta kulala tu. Na hii methadoni ndiyo inaniweka na wanangu bila arosto, yale mateso ya kukosa unga. Mpe kwa saa alizoandika nesi, usizidishe, usipunguze. Ukiwa na wasiwasi kamuulize yeye, siyo watu wa kijiweni."

Nikaishusha chupa, nikampa mama. Haukupita muda mrefu mama akanyoosha miguu, akaomba uji. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akanishika kichwa.

"Nilidhani dawa imekwisha," akasema, "nikaona nisikusumbue."

Nililia, mwanangu, sikufichi.

Mama ameshatangulia, lakini Shabani bado anakwenda kliniki yake, na sijaona mwanamume jasiri kumzidi. Basi ukiuguza mtu, fuata maneno ya aliyesomea kazi hiyo, usimpimie mwenzio maumivu yake kwa hofu yako. Na ukiwaona walio kwenye foleni ya methadoni, wasalimie kwa heshima, wanapigana vita kila siku. Mungu akuepushe na maumivu makali, na yakikufika, akupe mtu atakayekuamini ukisema unaumwa.