Maji Niliyoyaosha

Kwetu magharibi, samaki akiingia nyumbani anaelekea sufuriani. Kwa hivyo bwanangu alipoleta tangi la kioo na samaki saba wa rangi ya chungwa hapa mtaani Skuta, chini ya mlima wa baridi, nilimuuliza nitawapika lini. Hakucheka. Alisema ni wa mama yake.

Mama mkwe, ambaye mimi na watoto tunamwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa ametuhamia kutoka kijijini Giakanja baada ya kumzika mzee wake. Alifika kimya, na tangu jioni ya kwanza alikuwa anakitazama chakula tu mpaka kinapoa. Daktari alituambia wazi kwamba asipokula tutampoteza naye. Lakini samaki walipokuja, alivuta kiti karibu na kioo. Walipokula, naye akala, kijiko kwa kijiko, mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi, ukaisha kwenye sahani. Na huyu ni mtu ambaye hajawahi kuonja samaki maishani mwake. Nikajiambia, hawa samaki hawatakufa mikononi mwangu.

Nami nikishika kazi, naishika. Aliyewahi kukuta vumbi kwangu ajitokeze. Kila asubuhi niliwahamishia samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, nikachemsha mawe pamoja na sponji ya ile mashine ya kuchuja maji, kisha nikajaza maji mapya ya mfereji. Yaling'aa mpaka ungedhani tangi ni tupu.

Siku ya nne mmoja alielea tumbo juu. Siku ya sita, wawili. Sikuelewa. Nikaongeza bidii, nikawa nasugua asubuhi na jioni, wakafa wengine wawili. Nikashuku chakula, nikashuku dirisha, nikamshuku hata jirani aliyewasifu sana, ati ana kijicho. Mimi, mwalimu mzima, niliyesimama mbele ya darasa nikifundisha sayansi.

Halafu alasiri moja nikamkuta Cucu amesimama kando ya tangi na chupa ya chai, anawamiminia samaki maji ya moto.

"Cucu, unafanya nini?"

"Hii maji imetoka mlima," akasema. "Iko baridi sana. Hata wewe mtu akikuosha nayo Julai, utakufa."

Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyowahi kumsikia akisema tangu matanga. Sikujua nimkaripie au nimkumbatie. Nilimpokonya ile chupa polepole. Jioni hiyo alitazama samaki wawili waliobaki, akaisukuma sahani mbali, nami nikaogopa kweli.

Kuuliza si ujinga. Nilimpigia simu muuzaji wa samaki mjini, nikamweleza usafi wangu wote, tena kwa maringo kidogo. 

"Madam, unaosha hata sponji?"

"Naichemsha."

"Basi ni wewe unawaua."

Akasema kwamba kwenye sponji na mawe huota vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Tangi jipya halina hivyo vijidudu, huchukua wiki kadhaa kuota, na kila nikiosha naanza upya, samaki wanaungua kwa mkojo wao wenyewe. Nitoe robo tu ya maji, niweke yaliyokaa ndooni siku nzima, chakula kiwe kidogo, na sponji nisiichemshe tena.

"Na maji ya moto?" nikauliza.

"Madam. Pia ya moto?"

Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Yaani uchafu ndio unaolinda? Mama yangu alinilea kwa fagio na brashi. Nilikaa mikono imefungwa huku maji yakigeuka rangi ya uji mwembamba, na moyo ukinikereketa. Siku ya tatu Cucu alinikuta mbele ya tangi nimeshika brashi, sijui niiweke wapi.

"Umechoka kuosha?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba kuna vitu samaki wenyewe wanaacha mle ndani, na ndivyo vinawaweka hai. Kwamba wale watano niliwaua mimi kwa kuosha, na sikujua.

"Hata ile koti," akasema.

"Koti gani, Cucu?"

"Ya mzee. Siku nilikuja, uliosha."

Nilikumbuka. Koti zito la kahawia, alikuja amelikumbatia. Nililichukua kama mke mwema wa mwanawe, nikaliloweka kwa sabuni nyingi, nikalianika, nikalipiga pasi, nikamrudishia limekunjwa vizuri. Tena nikangoja shukrani. Moshi wa jikoni kwao, ugoro, jasho la mzee, vyote nilivimwaga kwenye mtaro. Na ni jioni hiyo alianza kuacha chakula.

"Nisamehe, Cucu."

Alinitoa brashi mkononi, akaiweka kwenye kiti chake mbele ya tangi, akaikalia. Samaki wawili walikuwa wanazunguka ndani ya yale maji ya ukungu. Kisha akauliza chakula iko wapi, ya samaki na yake.