Siku Niliyofanywa Kapteni wa Marobota

Aibu ni yangu, sikatai, lakini aliyeipika ni Bwana Renatusi, na kama anasoma hapa, asome jina lake vizuri.

Nilikuwa kibarua wa kubeba marobota kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, Bariadi. Meneja wetu, Dotto, alitangaza kwamba mmoja wetu atapata ajira ya kudumu, na niliitaka hiyo ajira kuliko chakula. Badala ya kuangalia nani anabeba, akamleta Renatusi kutoka Mwanza, mtaalamu wa saikolojia ya kazi (viatu vimechongoka kama mdomo wa korongo), naye akapanda juu ya mizani akatwambia mshahara haumpi mtu ari, ari inatokana na kutambuliwa na kushindana. Yeye mwenyewe alishalipwa, lakini!

Akatugawa pande mbili, kila upande na kapteni na wimbo wake. Nikawa kapteni, na Luhende kapteni wa pili. Unawagawa Wasukuma pande mbili, unawaambia waimbe, halafu unategemea wabebe pamba! Ngoma zetu zina makundi mawili yanayoshindana tangu zamani, Wagika na Wagalu, watu wasiopikika chungu kimoja. Mimi Mgika, na kwa ujinga wangu nikaanzisha wimbo wa kuwasimanga Wagalu. Luhende, Mgalu wa kuzaliwa, akatupa robota chini.

"Ng'wanawane, mwanangu, leo unarudi kwako unatambaa!"

Akajibu na wimbo wake, mtu akageuza pipa ngoma, akina mama wa kuchagua pamba wakaja na vigelegele, wakulima wakaacha mikokoteni, mashine ikabaki inanguruma tupu, na mimi kwa kiherehere cha kutambuliwa nikapanda juu ya marobota, nikatikisa mabega, nikaruka, kamba ya suruali ikakatika. Suruali ikateremka mpaka miguuni, na wa kwanza mbele yangu alikuwa mama mkwe (kwetu hata kumtazama usoni ni mwiko), kaleta pamba yake. Alijifunika kanga kichwani akaondoka, pamba akaiacha palepale.

Dotto akatoka ofisini. "Nani kaanzisha upuuzi huu?"

"Kapteni," Luhende akasema, kidole kwangu.

Renatusi anapiga picha tu. "Meneja, umeiona ari hiyo?"

Nilifukuzwa nikiwa nimeshikilia suruali kwa mikono miwili. Na ile ajira ya kudumu ilipata mtu wiki ileile. Si Luhende. Ni Renatusi, yuko pale mpaka leo chini ya feni, anatafuta kinachowapa vibarua ari.

Mimi nalima huko kijijini Mwandoya. Nikisikia mtu anataja ari, nakaza mkanda, naondoka.