Swichi Sita kwa Mpigo Mmoja

Nakiri mapema ili mnicheke vizuri: hospitalini tunapofanya kazi, hapa Kalemie, wapo wanaoniita Papa Kata-Yote, na jina hilo nililitafuta kwa vidole vyangu.

Nilikuwa katika wiki ya mwisho ya majaribio kama fundi wa mtandao wa kompyuta, mkurugenzi aamue kama nitabaki. Kazi ilikuwa kuweka VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja katika mitandao midogo, maabara wawe na wao, wagonjwa na wao, kwenye swichi sita (visanduku vya kuunganishia kebo za kompyuta), kila moja katika jengo lake. Ningeweza kuzipitia moja moja, lakini kwetu huingii biro ya mtu, ofisi yake, bila kusalimia, kukaa, kuulizwa habari za mama na za ndoa, na mimi (niliyejifunza kazi hii kwenye simu, chumbani, bila mwalimu) nikitazamwa vidole vinaganda. Basi nikaandika programu izipange zote kwa mpigo, nikaijaribu nyumbani siku kumi na moja kwenye swichi yangu kuukuu, ikaenda safi, Jumatatu asubuhi nikabonyeza.

Mtandao ukakatika hospitali nzima. Nyumbani nina swichi moja tu, kwa hiyo sikuwahi kulifikiria tundu la kebo inayounganisha swichi moja na nyingine; programu ililihamishia kwenye mtandao mdogo mmoja pamoja na mengine, ikahifadhi hivyo, hata kuzima na kuwasha kusirudishe kitu (niliiamuru ihifadhi, mimi na ukamilifu wangu), na kila jengo likabaki peke yake.

Ikabidi nizunguke kwa miguu jengo kwa jengo, kebo shingoni, nikirekebisha swichi moja moja, jasho mpaka kwenye soksi. Maabara nikamkuta Mama Feza, mkubwa wa pale, akibeba karatasi za majibu kuwapelekea madaktari mwenyewe.

"Njo wewe umekata yote?" akaniuliza, kuhakikisha kuwa ndiye mimi.

"Njo mimi, Mama. Unisamehe."

"Miezi mitatu tunasikia kuna muntu wa mtandao. Kumbe uko na miguu!" Wagonjwa kwenye foleni wakacheka. Kisha akashusha sauti: "Na mbona hukuniita? Ningesimama hapa, nikuambie taa za hii swichi zinafanya nini."

Nikainama, nikachomeka kebo kwenye swichi yake.

Mkurugenzi hakunifukuza, aliniongezea miezi mitatu ya majaribio. Nimeapa: swichi moja kwanza, na mtu kando yake. Shida ni kwamba huyo mtu lazima aombwe, na leo nimesimama nje ya maabara muda mrefu, nikijizoeza salamu, kabla ya kupiga hodi.