Mbaya wa Sheria

Msimu ule nguo zetu zote zilinuka kiberiti. Mama alikuwa akianua shuka kwenye kamba, anazinusa, anasonya, kisha anazirudisha kwenye beseni, kwa maana mlima ulikuwa umeanza kutoa moshi mzito na upepo ulituletea sisi moshi wote, kana kwamba Goma nzima haina mtaa mwingine. Maji ya mvua tuliyokinga kwenye mapipa yalikuwa na ladha ya msumari. Wakubwa waliutazama mlima asubuhi, mchana wakawatazama waasi waliokuwa wameuteka mji, na jioni walifunga milango mapema bila kusema wanamfungia nani. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwenye mdomo mwepesi, na katika yote hayo nilichokiogopa kwa dhati kilikuwa sauti ya kaka yangu Deo alipoketi nyuma ya jiko akiigiza watu wabaya.

Deo alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa na kitabu. Mwalimu mmoja mgeni aliyefundisha hesabu shuleni kwao alikimbia vita ilipofika, akamwachia kitabu hicho cha Kifaransa kisicho na jalada, kinachoeleza mchezo wa ajabu. Mtu mmoja anasimulia hadithi ya mazimwi, wachawi na ngome. Wenzake, kila mmoja akiwa na shujaa wake aliyemwandika kwenye karatasi, wanasema shujaa atafanya nini, na bahati inaamua kama ataweza. Kitabu kilitaka dadu za pande ishirini, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwetu, kwa hiyo Deo alichukua vifuniko ishirini vya chupa, akavikwaruza namba kwa msumari na kuvitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Unatia mkono bila kuangalia, unatoa kimoja. Tulicheza watatu: Deo msimulizi, mimi mwizi wa funguo, na Claude mpiga upinde. Claude alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, ule wa mawe meusi ya volkeno, mtoto wa pekee wa mjane kutoka Rutshuru ambaye sote tulimwita Mama Claude. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kupita umri wake, na akitoa kifuniko kibaya alijicheka mwenyewe kabla hatujamcheka sisi.

Ukurasa tulioupenda kuliko yote ulikuwa na mraba wenye vyumba tisa. Kila kiumbe wa mchezo alikuwa na chumba chake: ni mwema, ni mbaya, au ni wa katikati, na tena ni mtu wa sheria, mtu wa vurugu, au wa katikati. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ubaya si wa aina moja, na Deo alitufundisha kwa mwili wake. Akiigiza mbaya wa vurugu, alipiga ndoo mateke, akacheka bila sababu, akawageukia hata askari wake mwenyewe. Miguu na sauti aliviiba kwa yule mwanajeshi mlevi wa kizuizi cha njia ya soko, nasi tulicheka mpaka Mama akatufokea. Lakini akiigiza mbaya wa sheria, alishusha sauti. Alipanga vifuniko mstari mmoja, akakisogeza kimoja kwa ncha ya kidole mpaka kinyooke, ndipo akakutazama na kukuita kwa jina. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapo hakuna aliyecheka.

Huyo naye tulijua ameibwa kwa nani. Ng'ambo ya barabara, katika nyumba ambayo mwenyewe alishakimbia, alikaa Komanda wa waasi. Alikuwa mtu msafi, asiyekunywa, anayevua kofia akisalimia wazee. Askari wake mmoja alipoiba kuku wa Mama Claude, Komanda alimrudisha kuku na askari pamoja, akamchapa askari viboko kumi mbele ya lango, akivihesabu kwa sauti ileile aliyotumia kutuuliza habari za shule. Papa, baba yetu, alikuwa karani, mtu anayependa mambo yaende kwa utaratibu, lakini siku hiyo aliingia ndani akaacha chakula kwenye sahani. "Ule mulevi unaweza kumukimbia," alimwambia Mama. "Huyu, utamukimbia wapi?"

Mimi sikumwelewa. Kwenye mchezo, mbaya wa sheria ndiye aliyekuwa rahisi kumshinda. Deo mwenyewe alitueleza: "Iko na mulango moja tu, neno yake. Mukimuapisha, amekwisha. Lakini mukimudanganya, kiapo inavunjika." Mara tatu mimi na Claude tulimwapisha bwana wa ngome, tukamjibu ukweli mtupu kwa kila alilouliza, na mara tatu ngome ikawa yetu.

Kisha shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, alipita nyumba kwa nyumba, haangalii mtu usoni, akisema kila avenyu itatoa kijana mmoja wa kwenda mafunzo ya jeshi, na Komanda ndiye atakayechagua. Akina mama wa kwetu walikutana kisimani, wakapatana uongo mmoja. Deo amekwenda Bukavu kwa babu. Claude amekwenda Rutshuru kwenye msiba. Kwa kweli Deo alikuwa amejificha Lac Vert kwa binamu ya Papa, na Claude alikuwa Kituku kwa shangazi yake anayekausha samaki. Sisi wadogo tulifundishwa maneno hayo mpaka tukayajua kama sala. Mama hakulala vizuri, alikonda nikimtazama, na kila gari la jeshi lilipopunguza mwendo alishika kifua. Nami, kwa akili zangu zote, niliona kwamba wakubwa hawajui mchezo.

Jumamosi mchana nilivuka barabara. Komanda alikuwa kibarazani ameketi mezani, anaandika kwenye daftari, kalamu nyingine mbili zimelazwa sambamba pembeni.

"Jambo, Komanda."

"Jambo, mama mudogo. Papa iko muzuri?"

"Iko muzuri. Nataka uape kama hautamuchukua yaya Deo, mukubwa yangu."

Hakucheka. Angecheka, pengine ningekimbia. "Yaya yako, si alienda Bukavu?"

Nilinyamaza, maana niliamini kunyamaza si kudanganya. Komanda aliweka kalamu chini.

"Sawa. Naapa mbele ya Mungu na kwa mama mwenye alinizaa. Deo, sitamuchukua, na hakuna askari yangu atamugusa. Umetosheka?"

"Ndiyo, Komanda."

"Na ule rafiki yake murefu, Claude. Kweli iko Rutshuru?"

Nataka niseme hapa kwamba nilisitasita, lakini sikusita. Moyo ulikuwa unaniruka kwa ushindi, na kitu pekee nilichokiogopa ni kwamba uongo mmoja mdogo ungekivunja kiapo na Deo angechukuliwa kwa ajili yangu. "Iko Kituku," nilisema, "kwa shangazi yake. Wanakausha sambaza."

"Iko na miaka ngapi?"

"Katorze," nilisema, yaani kumi na minne, kwa Kifaransa cha shuleni.

Akaandika. "Asante," aliniambia. "Uko mutoto ya kweli." Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Ulimi hauna mfupa.

Claude alichukuliwa Jumatatu, mbele ya mitumbwi, mikono ikiwa bado na magamba ya samaki. Komanda alikuja mwenyewe kumwambia Mama Claude. Alivua kofia, akasema avenyu imeshatoa mtu wake na wengine wawe na amani. Mama Claude hakupiga kelele. Alishika nguzo ya mlango, akaanza kuuliza kama mtoto amekula. Siku ya tatu Deo alirudi kutoka Lac Vert akipita mbele ya askari wote, na hakuna aliyemgusa. Ahadi ni deni, na mtu yule alilipa. Nilimweleza Deo peke yake. Nilitaka anipige, lakini hakunipiga. Alikaa juu ya ndoo, akasema, "Sikuwaza utaitoa ile kiapo kwenye muchezo, uipeleke kwa Komanda." Tangu siku ile hatukucheza tena.

Majuma machache baadaye mlima ulipasuka. Moto ulishuka mpaka mjini ukipita katikati ya nyumba, polepole kuliko nilivyodhani, na hilo ndilo lililotisha, kwamba uliweza kuuona unakuja na bado huna la kufanya. Tulishika njia ya Sake, mimi na godoro kichwani. Mama Claude aligoma kutoka. Aliketi kizingitini akisema, "Claude akirudi, atanikuta wapi?" Papa alimbembeleza, Mama akamvuta mkono, haikusaidia. Ndipo Komanda alipovuka barabara. Hakubishana naye hata neno moja. Aliinama, akambeba mgongoni, akatembea naye hivyo mpaka karibu na Lac Vert, jasho likimchuruzika, kwa maana gari lake alikuwa amelipakia wagonjwa. Nilikuwa nyuma yao. Nilimwona Mama Claude akisogeza mdomo kwenye sikio lake na kumwuliza kitu, naye akimjibu bila kugeuka. Alipomshusha alivaa kofia, akarudi mjini, na hatukumwona tena. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku aliyomchukua Claude, kwa sababu sasa ilibidi pia nimshukuru.

Nyumba ya Mama Claude ilifunikwa, na yetu pia. Tulijenga upya juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto chini, na tukawa tena majirani wa ukuta mmoja. Claude hakurudi. Hapakuwa na barua, wala kaburi, wala mtu aliyesema alimwona mahali. Kila sikukuu Mama Claude aliniletea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na maharage, akaniita mtoto wake, akasimama harusini kwangu upande wa mama zangu. Nimekula chakula cha yule mwanamke kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila tonge lilinikwama kidogo. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini wangu alizaliwa mapema, tukakua pamoja.

Sasa waasi wengine wameushika mji. Wana sare mpya na maneno mapya, na mlima bado unafuka. Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Mama Claude, nikamkuta anachambua maharage kwenye ungo, nikamwambia yote: kiapo, Kituku, katorze. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," alisema. "Ile siku alinibeba, nilimuuliza nani alimuonyesha mutoto yangu. Akaniambia ni weye. Ule mutu hakuwaka anadanganya."

Nilimwuliza mbona basi alinipokea miaka yote hiyo, mbona alinilisha.

"Ulikuwa mutoto. Halafu nilikuwa nangojea uje mwenyewe." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Alisogeza ungo, akasema, "Keti. Kule nyuma ya jiko, Claude alikuwaka nani? Hakuna mutu aliniambiaka."

Nikamwambia alikuwa mpiga upinde. Nikamsimulia ngome zote tatu, na vile alivyojicheka, mpaka maharage yakaiva.

Wakati ule niliamini kwamba ukishajua mtu mbaya ni wa chumba gani, umemweza. Leo wanapita vijana wenye bunduki nyumba kwa nyumba, wengine walevi, wengine wapole. Juma lililopita mmoja wa hao wapole alisimama langoni kwangu, akavua kofia, akanisalimia vizuri, akauliza kama wapangaji wangu wana watoto wa kiume, na wana umri gani. Nilimwambia sijui. Ninawajua wote wanne, kwa majina na kwa miaka.