Fundo la Kangaga

Modesta wa Bulwa alizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na baka mgongoni. Jirani akimpa chumvi, huionja kwanza asije akawa kapewa magadi. Ukimwamkia kwa heshima iliyozidi, hukuuliza unataka nini. Lakini kwa vidole hakuwa na mpinzani: alichuma chai kwa kasi hadi ndege wakadhani mvua imeanza. Vidole hivyo ndivyo vilivyomlisha yeye na mama yake mzee.

Sasa, kule michai inakopakana na msitu, wachumaji wana desturi yao. Kila mmoja huupiga mchai kwa ufito kabla ya kuingiza mikono. Akionekana nyoka mwenye pembe, yule mdogo mwenye kope zilizosimama kama za bibi harusi, hufungwa fundo la jani la kangaga juu ya mchai huo, na wote wanauruka. Redioni walisema ndugu zake wa jangwani nao wana pembe, hujifukia mchangani wakabakiza hizo tu. Huyu wa Bulwa bila shaka alilikimbia jua, akaonja ukungu, akakataa kurudi.

Juma lile mafundo yalizidi, yote kwenye mstari wa Salama, mwanamke wa maneno matamu. Modesta akachunguza. Michai yenye mafundo ndiyo iliyokuwa na majani laini kuliko yote. Na jioni, kwenye mizani, tenga la Salama lilikuwa zito kuliko ya wote, kana kwamba mafundo yaliwazuia wengine tu.

"Dada Salama, nyoka wako wanajua kuchagua majani."

"Wana macho, mdogo wangu. Kama wewe."

"Mbona sisi hatuwaoni?"

"Wewe uliwahi kuona kitu ukakiamini?"

Wenzao wakacheka. Modesta hakucheka. Fundo la uongo alilijua vizuri, maana naye aliwahi kulifunga.

Kesho yake asubuhi akangoja Salama aende kumwaga majani mizanini, akaingia mstari wake. Fundo lilikuwepo, bado bichi. Ufito hakuutumia. Kuupiga mchai ni kukubali kwamba nyoka yupo, na yeye alikuja kuhakikisha kwamba hayupo. Akapeleka mkono.

Jani moja likamtazama. Lilikuwa na kope.

Mwili wa manjano kama ndizi mbivu, shingo imekunjwa tayari. Modesta akaurudisha mkono polepole, kama mama anayemtoa titi mtoto aliyelala.

Nyuma yake Eliza, mchumaji mwenzao, alikwisha kunyoosha mikono.

"Usiguse. Yupo."

"Si jana ulisema hayupo?"

"Jana hakuwepo."

"Aa. Kumbe mmeshagawana na Salama."

Eliza akasogea. Modesta akauziba mchai kwa mwili wake, mikono kaificha kwapani, tenga tupu, huku wenzake wakimnung'unikia kwamba analinda majani. Hakubanduka mpaka Salama aliporudi, akaliinua tawi kwa ncha ya ufito. Pembe zikaonekana. Eliza akarudi nyuma mpaka akakalia tenga lake.

Salama uso ulimshuka. Akamsogelea Modesta sikioni.

"Mdogo wangu, fundo hilo nililifunga mimi. Sikuwa nimeona kitu."

Tangu siku hiyo Salama hafungi fundo ovyo, na Modesta huipiga michai mpaka unaihurumia. Lakini shaka haikumtoka. Akimwona Salama peke yake kando ya msitu, humtazama midomo, asije akawa anamwita yule mwenzake mwenye pembe.