Kijiti Mkononi mwa Mke Wangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Siku nilipomshika mke wangu mkono nimsaidie kushusha ndoo, nikagusa kitu kigumu chini ya ngozi, nilikasirika kabla hata sijajua ni nini. Akaniambia bila kupepesa macho kwamba ni kijiti cha uzazi wa mpango, kina miezi mitano. Alipojifungua mtoto wetu wa nne alitokwa damu nusura tumzike, na daktari alimwonya asibebe mimba tena.

Hayo niliyajua. Kilichoniuma ni kutoulizwa. Kwetu Kondoa mwanamume ndiye mwenye neno, au ndivyo tunavyopenda kusema.

Kazi yangu ni kuchomelea mageti, Kizota, Dodoma mjini, na pale kazini hakuna siri. Wenzangu walinicheka kwamba nyumbani fundi ni mke, mimi kibarua tu. Mmoja akaapa kijiti ni chuma, kinatembea mwilini mpaka kwenye moyo. Basi mimi, fundi mzima, nikang'oa sumaku kwenye spika mbovu, nikaenda nayo nyumbani, nikamwekea mkononi. Haikushika kitu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, nami nikazidi kuvimba. Nikasema kesho kinatolewa, iwe isiwe.

Zahanati tulimkuta muuguzi, mama mtu mzima. Nikampa shikamoo yake, nikaeleza kwa adabu kwamba sisi tumeamua kitoke. Alivaa glavu, akamgeukia mke wangu, akamuuliza yeye anasemaje.

"Kitoeni tu," mke wangu alisema taratibu. "Ila nikirudi leba, safari hii damu atoe yeye."

Masikio yaliniwaka. Siku ile ya mtoto wa nne ndugu tuliombwa damu, na mimi ninayeshinda kwenye cheche za moto, naogopa sindano. Niliaga kwamba nakwenda kununua maji, nikajibanza kwa muuza chai mpaka shemeji yangu alipomaliza kutoa yake. Nikarudi na chupa mbili na uongo kuhusu foleni. Mke wangu hakuwahi kuniuliza, nami nikadhani hajui. Kumbe alijua muda wote, na bado alikuwa ananipakulia chakula kwanza. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

"Kiacheni, mama," nilimwambia muuguzi.

Mke wangu alikuwa ameshashusha mkono wa gauni, anatafuta viatu vyake.