Wifi na Herufi Nne

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliingia maabara ya hospitali kama mwosha chupa. Wenzake waliosha tu. Yeye aliuliza kila chupa imebeba nini, mpaka wakubwa wa maabara wakamchoka, na mwaka huu wakamruhusu afanye mtihani wa msaidizi wa maabara. Umri ulikuwa umeshamtupa mkono. Akishindwa, angebaki kwenye sinki mpaka astaafu. Nikakosa usingizi mimi, yeye alikoroma.

Swali moja la mazoezi lilimsumbua. Alikuja nalo kwangu jioni, nikiwa nashona gauni la mteja. Kwenye DNA ya kiumbe fulani, adenini ni asilimia thelathini. Guanini ni ngapi?

"Sabini," akasema, kisha akafuta. "Haiwezekani. Wako wanne humo."

"Kula kwanza, wifi."

"Nikila nitasinzia kama kaka yangu."

Akanieleza kwamba DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Wale wanne huandikwa kwa herufi: adenini A, timini T, guanini G, sitosini C. Herufi za uzi mmoja hushikana na za uzi wa pili: A hushika T tu, G hushika C tu. Hapo akalitazama gauni mapajani mwangu: vifungo na matundu yake mgongoni, kulabu na vitanzi vyake kiunoni. Niliogopa hata kuvuta sindano.

"Kila kifungo na tundu lake," akasema polepole. "Basi A thelathini, T thelathini. Sitini hizo. Arobaini zilizobaki ni za G na C, nusu kwa nusu. Guanini ishirini."

"Umeambiwa mmoja, ukawajua wote?"

"Ndivyo ilivyo. Kwenye kitunguu, kwenye kuku, hata kwako na hofu zako. Hesabu hubadilika, lakini mwenza ni yuleyule."

Niliutazama mkono wangu kama wa mgeni. Nimezaa watoto watatu, nikawashonea nguo zote, na kumbe walikuja wameshashonwa kwa ndani, kwa ufundi ambao sindano yangu haiufikii.

Siku ya majibu nilisimama mlangoni tangu asubuhi. Wifi akaja bila haraka, akanitupia koti jeupe la wasaidizi wa maabara.

"Lipunguze kiunoni. Aliyelivaa kabla yangu alikuwa na tumbo la bosi."

Nikaketi. Nililikunjua koti juu ya magoti. Kifungo kimoja hakikuwepo, lakini tundu lake lilikuwepo, wazi, na kutokana nalo nilijua ukubwa wa kilichopotea. Nikavuta kopo la vifungo, nikaanza kumtafuta mwenzake.